Nguzo Zinazojibu

Ukiniuliza mimi, Dar es Salaam haijawahi kupungukiwa na sauti. Maji tunapungukiwa, mitaro tunapungukiwa, maegesho ndiyo usiseme. Sauti tunayo ya kula na kusaza. Alfajiri, kabla jua halijachungulia, konda ameshaligonga bodi la daladala na kulitaja jina la Mbagala mara nyingi kuliko wazaliwa wa huko. Akipita yeye anaingia muuza dawa ya mende na spika yake ya kujirekodia, ile inayorudia tangazo lilelile huku mwenyewe amejibanza kivulini anamenya chungwa. Jioni zipo baa mbili zinazotazamana, kila moja ikihakikisha wateja wa mwenzake hawasikii wanachokilipia. Usiku kuna kigodoro. Usiku usio na kigodoro una mkesha wa maombi, na usiku usio na vyote viwili mbwa wa jirani anaziba pengo bila kuombwa.

Mji huohuo ndio aliourudia mpwa wangu, katoka masomoni Ulaya, na habari njema kwamba amepata ufadhili wa kutuongezea sauti.

Alinikuta kibandani nimeinamia redio ya mteja, akanipa shikamoo ndefu, ile ambayo mtu mzima akiisikia anajua kuna jambo limejificha nyuma yake. "Mjomba," akasema, "nataka kutengeneza sanaa ya sauti kwenye eneo la wazi. Sanaa shirikishi." Nikamuuliza shirikishi maana yake nini. Akasema watu hawatasimama kuitazama tu. Wataigusa, wataikanyaga, wataikalia, nayo itawajibu. Nikamwambia watu wa hapa kitu cha umma hawasubiri kukaribishwa: wanakigusa, wanakikalia, na wapo wanaoondoka nacho. Akaliandika hilo kwenye daftari lake. Wala hakucheka.

Eneo lenyewe ni kibustani kilicho ubavuni mwa kituo cha daladala: miarobaini, mabenchi ya zege, na kibao kinachokataza kukanyaga majani ambayo hayapo. Mpango ulikuwa kusimika nguzo za mbao zenye kimo cha kifua cha mtu mzima, kila moja na spika tumboni. Ukipita peke yako unapewa sauti moja. Mkipita wengi kwa pamoja, sauti zinashikana mikono na kuwa wimbo. Na ili watu wajifunze mshikamano, wimbo huo hautoki mpaka nguzo zote ziamshwe kwa wakati mmoja.

Akanifungulia kompyuta anionyeshe kwamba hajaota. Huko Montreal, Kanada, mwaka 2011, kikundi kiitwacho Daily tous les jours kilitundika bembea 21 barabarani, kila bembea na sauti yake. Watu wakibembea kwa pamoja zinatoka tuni ambazo mtu mmoja hawezi kuzipata hata abembee mpaka kesho. Mpwa wangu aliona mshikamano. Mimi nilichokiona kwanza ni kwamba bembea zote bado zilikuwa na viti.

Akanipeleka Zadar, Kroatia, ambako mwaka 2005 msanifu majengo Nikola Bašić alificha mabomba 35 chini ya ngazi za ufukweni. Wimbi likiingia linasukuma hewa, hewa inapuliza mabomba, bahari inapiga kinanda mchana na usiku. Hakuna waya, hakuna spika. Hapo nikaweka solda chini. "Tufanye hii," nikamwambia. "Bahari tunayo, na haina LUKU." Akanijibu kwa upole, kwa sauti ya kumsemesha mgonjwa, kwamba ile inashirikiana na mawimbi, na mfadhili wake anataka watu.

Wa tatu ndiye niliyempenda. Max Neuhaus, Mmarekani, mwaka 1977 aliweka mashine za sauti chini ya vyuma vya kupitishia hewa pale Times Square, New York, katikati ya magari. Ni mngurumo tu, mzito, unaofanana na mwisho wa mlio wa kengele kubwa, na hakuweka kibao. Maelfu walikanyaga juu yake wakidhani ni mitambo ya treni. Ulizimwa mwaka 1992, ukarudishwa 2002, na unanguruma mpaka leo. Huyo ni mtu mwenye akili. Asiyeweka kibao hajulikani anapoishi, na asiyejulikana anapoishi haletewi malalamiko.

Nasema haya kwa uchungu, kwa kuwa sisi tuliweka kibao, tena chenye namba ya simu. Yangu.

Kabla ya kibao kulikuwa na andiko la mradi. Sijui kama umewahi kusoma andiko la mradi. Mimi nililisoma nikitafuta nguzo, nikazipata ukurasa wa tisa. Kurasa za mwanzo zote zilikuwa ushirikishwaji, uhamasishaji, kujengeana uwezo na umiliki wa jamii. Bajeti ilikuwa na mshauri mwelekezi, kompyuta, na warsha ya kuitambulisha sauti kwa wananchi, pamoja na maji ya chupa na nauli. Kifungu cha mlinzi kilikuwepo kwenye rasimu, mfadhili akakifuta: yeye hagharamii uendeshaji. Spika analipa, kufuli halipi. Umeme wa siku ya uzinduzi analipa. Wa kesho yake ni umiliki wa jamii.

Nikamuuliza mpwa wangu mimi niko wapi humo. Kazi ya kufunga spika, kulehemu nyaya, kuziba maji, ni yangu yote, na mimi ni fundi tangu redio zikiwa za mbao. Akavuta jedwali mpaka safu ya mwisho kabisa upande wa kulia. Ilikuwa imeandikwa "Mchango wa Jamii". Chini yake kulikuwa na ufundi, kwa siku zote za mradi, umekokotolewa kwa shilingi mpaka senti, halafu haulipwi. Ndivyo wafadhili wanavyopenda, alinieleza: jamii lazima ionekane imetoa kitu. Nimeishi umri wote huu nikidhani nina jina na kibanda. Kumbe ni mchango.

Tukaenda kutafuta kibali. Ofisi ya kwanza afisa alitaka kujua nani anaimba.

"Hakuna anayeimba, mheshimiwa. Ni nguzo."

"Nguzo inaimba?"

"Inajibu mtu akipita."

"Basi huo si muziki, huo ni ujenzi. Nendeni kwa watu wa ujenzi."

Watu wa ujenzi wakauliza jengo lina vyumba vingapi. Walipoambiwa halina chumba wala paa, ila linatoa sauti, wakasema hilo ni tangazo, na matangazo hulipiwa kwa mita za mraba. Mpwa wangu akajaribu kueleza kwamba sauti haina mita za mraba. Afisa akamtazama kwa huruma, akasema kila kitu kina mita za mraba. Kwa watu wa kelele tuliulizwa nguzo zitatoa desibeli ngapi. Inategemea watu watakaopita, tukasema. Watapita wangapi? Hatujui. Andikeni makisio. Mwisho tulipata muhuri kwa sababu dada mmoja wa masjala alituonea imani, akatuingiza kwenye kundi la vifaa vya michezo ya watoto. Kwa hiyo kisheria tunamiliki bembea. Montreal wangefurahi.

Sasa kazi. Mpwa wangu alitaka nguzo zitoe sauti laini, "kama pumzi ya alfajiri". Kando ya kituo cha daladala! Nikamkalisha kwenye ndoo nikamweleza jambo ambalo chuo kilikuwa na miaka ya kumweleza kikaacha. Ukitaka sikio lione sauti imekuwa kubwa maradufu, unahitaji kama desibeli kumi zaidi, na desibeli kumi maana yake nguvu ya amplifaya mara kumi. Wati 10 zinageuka 100. Ukitaka tena maradufu, 100 zinageuka 1,000, na wati 1,000 si nguzo tena, hiyo ni harusi. Huwezi kushindana na mji kwa nguvu. Mji una injini.

Dawa ni kuchagua sauti inayopenya. Sikio la binadamu husikia kuanzia mitetemo 20 kwa sekunde mpaka 20,000, lakini ukali wake mkubwa uko kati ya 2,000 na 5,000. Humo ndimo ilimo filimbi ya trafiki, na humo mtoto mchanga anamwagia nguvu nyingi za kilio chake, ndiyo maana hakuna anayeweza kujifanya hamsikii. Sauti iwe juu, iwe kavu, ianze ghafla na kuisha upesi. Pumzi ya alfajiri inafunikwa na bajaji moja.

Kwa hilo alinisikiliza, namshukuru. Akachukua kinasa sauti na kile kipaza sauti cha kuvalishwa manyoya ili upepo usikipulize, akazunguka mtaani, watoto nyuma yake wakiuliza paka huyo kafa lini. Alirudi amenasa sauti zenyewe hasa: vikombe vya muuza kahawa vinavyogonganishwa kwa mkono mmoja, mkasi wa fundi cherehani wa kutembea unaokata hewa, chupa za yule kijana wa kupaka rangi kucha, na brashi ya mng'arisha viatu ikigonga sanduku lake. Akazikatakata, akazipanga, akasema huu ndio muziki wa mji ambao mji wenyewe hausikii. Aliniambia yupo Mnigeria, Emeka Ogboh, aliyerekodi kelele za Lagos, wapiga debe wa danfo, daladala za huko, wakiwemo, akazipeleka kwenye majumba ya sanaa ya Ulaya. Nikasema heri yake. Huko wanapewa konda bila moshi. Sisi konda wetu anakuja na chenji pungufu.

Nilisita kidogo kuhusu vile vikombe. Nikanyamaza, mchango wa jamii hauulizwi maoni.

Kisha sensa, yaani macho ya nguzo. Za kwanza ziliagizwa nje kwa bei ya kuozea binti. Ni zile za joto, zinazowasha taa kwenye mageti ya wenye nacho: zinaona mwili wa mtu kwa kuwa una joto tofauti na vilivyouzunguka. Ulaya mtu anayepita kwenye baridi anang'aa machoni mwa sensa hiyo. Dar mwezi wa pili, saa nane mchana, ukuta na mwenye ukuta wana joto moja. Mchana nguzo hazikumwona mtu yeyote. Usiku, hewa ilipopoa, zilimwona kila kiumbe, paka wakiongoza.

Tukahamia kwenye sensa za mwangwi. Hizi hurusha mlio wa mitetemo 40,000 kwa sekunde, ambao sisi hatuusikii, mlio unagonga kitu na kurudi. Na kwa kuwa sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kompyuta inapiga hesabu ya umbali. Popo anaishi hivyo. Zina uwezo wa kuona kuanzia sentimita mbili hadi mita nne, na kwa mbao, bati na mtu aliyebeba ndoo hazina mpinzani. Tatizo ni nguo. Kitambaa chepesi chenye mikunjo kinaumeza mlio ule, haurudi. Basi kijana wa bodaboda akipita na kofia yake ngumu, nguzo inampigia vikombe. Mama akipita na dera lake linalopepea, kimya.

Nani angejua kwamba kimya hicho kingefika serikali ya mtaa? Wiki haikuisha, habari zikawa zimezagaa kwamba zile nguzo zina utaalamu, zinatambua watu na wasio watu. Jirani mmoja, mwanamke wa heshima zake, alipita mara mbili mbele za watu bila kujibiwa, na tangu hapo akaanza kukosa wateja wa maandazi. Mwenyekiti akatuita. Mpwa wangu akaleta ubao, akachora mawimbi ya sauti na sifa za vitambaa. Wazee wakasikiliza mpaka mwisho, kisha mmoja akauliza: "Sasa hilo dera alilivaa ili asionekane?" Ilibidi nimwombe yule mama apite tena amebeba sinia la bati. Nguzo ikajibu, watu wakapiga makofi, akaenda nyumbani ni binadamu kamili.

Usiku ule nikashusha kopo langu kutoka juu ya kabati. Humo nina visahani vyembamba vya shaba vyenye utando wa fuwele, nilivyong'oa kwenye midoli na kengele zilizokufa. Ukikigonga au kukibonyeza kisahani kinatoa umeme kidogo. Tabia hiyo ya fuwele waligundua ndugu wawili wa Ufaransa, Pierre na Jacques Curie, mwaka 1880, wala hawakuagiza kitu nje. Nikavigundisha chini ya vipande vya mbao, tukalaza ubao mmoja mbele ya kila nguzo. Sasa mtu anakanyaga, nguzo inajibu, awe na dera, kanzu au suti ya harusi. Mkosi wake ni mmoja: daladala likifunga breki kwa hasira, ardhi inatetemeka na nguzo ya mkasi inakata hewa yenyewe. Niliuacha. Hata konda ashirikishwe.

Kopo langu nalo liliingizwa kwenye safu ya kulia.

Uzinduzi ulifana, kama kufana ni viti vya plastiki na mahema. Kamati ya maandalizi, ambayo sijui iliundwa lini, ilikodi MC, na MC hatembei bila DJ, na DJ hakuja na spika za kubembeleza. Mgeni rasmi alikata utepe, akakanyaga ubao wa kwanza kwa kiatu chake kizuri, akainamisha sikio kwenye nguzo. Hakusikia kitu. Hakuna aliyesikia kitu. Ardhi yenyewe ilikuwa inaruka kwa besi ya DJ, nguzo zote zinalia kwa pamoja bila kukanyagwa, wimbo ule wa mshikamano umetoka mzima mzima, na hakuna sikio lililoupata. Mgeni rasmi alisema ameguswa sana.

Kesho yake DJ hakuwepo, na hapo ndipo vikombe vilipoanza kazi.

Tuelewane. Mlio wa vikombe vya kahawa katika mji huu si mapambo, ni bango. Mtu yupo barazani, kete ya bao iko hewani, akisikia kling kling anajua birika limefika mtaa wa pili na mkono unaingia mfukoni wenyewe. Sasa mkono uliingia mfukoni, mtu akainuka, akavuka barabara na sarafu zake, akakuta kijiti. Akarudi. Mlio ukapiga tena. Akaenda tena. Watu wazima walikuwa wanakwenda na kurudi mchana kutwa mpaka wakaanza kugombana wao kwa wao, na muuza kahawa halisi alipopita jioni wakamnunia, wakidhani ndiye anayewachezea.

Akaja kibandani. Mpwa wangu akawahi: "Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hicho kijiti chako kinauza kahawa?"

"Hapana mzee, ile ni sanaa."

"Basi kwa nini kinaita wateja wangu?"

Mpwa wangu akaanza kueleza kwamba sauti za mtaa ni mali ya umma, ni urithi wetu sote, haziwezi kuwa za mtu mmoja. Mzee akamwacha amalize, akatoa vikombe mfukoni, akavigonga mara moja mbele ya pua yake.

"Umma ulivinunua lini hivi?"

Sijapata kumwona kijana aliyesoma akikosa neno namna ile. Nilitamani aje na cheti chake tukisome pamoja. Haki za ubunifu, hati miliki, semina zote alizohudhuria, hakuna iliyomwandaa kukutana na mwenye sauti akiwa na sauti yake mkononi.

Mzee hakudai fidia, wala hakwenda kwa mwenyekiti. Kesho yake asubuhi alihamisha jiko lake la mkaa, birika, bakuli la kashata na kigoda, akakaa pembeni ya nguzo, mguu mmoja juu ya ubao. Akitaka wateja, anakanyaga. Nguzo inagonga vikombe kwa sauti ambayo mkono wake haujawahi kuifikia, na mkono wenyewe umepumzika, unamimina. Kwa miaka yote alikuwa akilalamikia kiwiko; juzi nilimsikia akilalamikia kisigino.

Wenzake hawakukawia. Fundi cherehani wa kutembea ameacha kutembea. Yuko nguzo ya mkasi na foleni ya suruali za kupunguzwa. Kijana wa kucha yuko nguzo ya chupa. Mng'arisha viatu amejisogezea ubao mpaka chini ya kiti cha mteja, kwa hiyo mteja akikaa tu na kuweka miguu, anamwitia mteja anayefuata.

Mpwa wangu alikasirika. Alisema kazi yake imetekwa, kwamba nguzo zilikuwa kwa ajili ya mpita njia asiyetarajia, kwamba ushirikishwaji umegeuka ajira. Hasa kilichomuuma ni ule wimbo. Wale wanne walikaa chini wakagundua kwamba wote wakikanyaga kwa pamoja inatoka tuni ndefu isiyoeleweka inauza nini, na wateja wanababaika. Wakakubaliana zamu. Kahawa asubuhi na jioni, viatu saa za kwenda kazini, mkasi katikati, kucha kuanzia mchana. Kwa hiyo ule wimbo wa mshikamano umezimwa kwa mshikamano. Anayeutoa kwa bahati mbaya, mtoto wa shule kwa mfano, anafukuzwa na watu wanne.

Mimi kwa upande wangu nawaelewa, ingawa namba ya simu kwenye kibao bado ni yangu na wananipigia. Mle ndani kuna Raspberry Pi, kompyuta yenye ukubwa wa kadi ya benki, ambayo umeme ukikatika ghafla unaweza kuiharibu memori kadi yake. Umeme ukikatika wakati wa zamu ya kahawa, simu yangu inaita kabla taa hazijazimika vizuri. "Fundi, nguzo imenuna." Kisanduku chake nilikiziba barabara, vumbi wala maji ya mpira haviingii, mpaka joto la ndani likaanza kuikaanga kompyuta, nikatoboa matundu ya hewa, wakaingia mijusi. Nikaweka wavu, wakaingia sisimizi. Sasa naacha sisimizi. Angalau hawatafuni waya.

Mlinzi tunaye. Yule ambaye mfadhili alimfuta anakula mchango wa wale wanne kila jioni: saa nne usiku anazima, anachomoa kompyuta, anakwenda kulala nayo chini ya mto, alfajiri anairudisha. LUKU ananunua mzee wa kahawa, na ole wake atakayechomeka simu bila kulipia chaji.

Mwezi uliopita mfadhili alituma mtu wa tathmini, mama wa makamo, mpole, mwenye fomu. Alikanyaga ubao, vikombe vikagonga, na kabla hajageuka akawa ameshikishwa kahawa chungu na kipande cha kashata. Alifurahi mno, akasema amezunguka nchi nyingi, hajawahi kuona kazi ya sauti yenye ladha. Akalipa. Kisha akafungua fomu na kumuuliza mzee, kwa kupitia mpwa wangu, ni watu wangapi hushiriki kwa siku.

"Inategemea," mzee akasema. "Ijumaa, birika tatu."

Mama akaandika: tatu.

Sijui hiyo tatu ilisomwaje huko ilikokwenda, lakini awamu ya pili imepitishwa. Mpwa wangu anataka nguzo zaidi, safari hii karibu na soko la samaki, na ameshaanza kuzungukia wauza samaki na kile kipaza sauti chake cha manyoya. Juzi alikuja kibandani na shikamoo ndefu kuliko ile ya kwanza na bajeti mpya mkononi. Nikaivuta moja kwa moja mpaka safu ya mwisho upande wa kulia. Nilikuwemo, siku zote za mradi, mpaka senti.

Nikamrudishia karatasi yake. Nikamwambia anihamishe anipeleke kwenye kifungu cha vifaa, kati ya amplifaya na nyaya, aandike tu fundi, kipande kimoja, kilichotumika. Vifaa vinalipiwa.

Amesema atamwuliza mfadhili kama naweza kuja na risiti.